Wifi na Karakana ya Miguu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu hizi ninazoziandika kabla hata sijavua subana kidoleni, maana nikiivua tu nitajitafutia kazi nyingine ya kuniondoa mezani. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na kikohozi kinakuacha ulale. Sisi huku tu wazima. Mume wangu anakuamkia. Bado anatengeneza saa za watu wote mtaani, na yetu ya ukutani bado haijapona. Wajukuu zako wanakua kwa urefu, akili inafuata nyuma polepole. Cherehani yangu nyeusi inadai mafuta kila wiki kama mgonjwa, lakini kazi ipo na mkono unakwenda kinywani.

Ningeweza kupiga simu, Mama. Lakini najijua. Kwenye simu ningekuuliza habari za mvua, ningecheka kidogo, kisha ningeaga bila kusema nililokusudia. Umeuliza mara mbili sasa nini hasa kilitokea kwenye karakana ya mkwe wako, mjane wa kaka, na mara zote mbili nimekujibu juu juu. Leo nitakueleza kuanzia mwanzo. Nitakueleza kama nilivyoyaona siku zile, na roho yangu ilivyokuwa siku zile, bila kuipiga pasi.

Unajua kanisa letu si kubwa. Lakini tangu alipokuja mchungaji huyu tulikubaliana kuwa na washirika watatu wa kuwashika mkono. Wa kwanza ni kanisa dogo la bondeni, la wale wavunja mawe, ambalo paa lake liliezuliwa na upepo. Hawana mchungaji wao, kwa hiyo wetu huwaendea Jumapili moja kila mwezi, na kwaya yao huja kwetu. Wa pili ni kikundi cha kutembelea wafungwa. Wa tatu ni karakana ya miguu. Kaka alipofariki, sote tulidhani mkewe atauza zile randa na misumeno na kurudi kwao. Yeye akaenda kujifunza kwa mafundi wa hospitali, akarudi, akafuta neno "Samani" mlangoni na kuandika kwamba hapo hutengenezwa miguu ya bandia na magongo kwa yeyote anayehitaji, awe na kitu au asiwe nacho.

Kanisa lilimpa mbao, ngozi, misumari na viatu vilivyotumika. Na kwa kuwa kanisa lilimdhamini kwa barua, shirika moja la Kikristo la mbali likakubali kumletea magoti ya chuma, vile viungo vya kukunjika ambavyo hapa havitengenezwi.

Mimi nikachaguliwa kuwa katibu wa kamati ya washirika. Tulikuwa wanne: mchungaji, mwenyekiti wetu ambaye ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu Mstari kwa kuwa kila neno lazima likae juu ya mstari wake, mzee mmoja wa kwaya, na mimi. Siku ya kwanza tu Mwalimu Mstari alisema kwamba, kwa kuwa karakana ni ya wifi yangu, kila inapojadiliwa mimi nitoke nje. Alisema ni utaratibu tu, nisijisikie vibaya. Nilisema sijisikii vibaya. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini na kusikia wanacheka ndani. Mama, sijui kama umewahi kukaa nje ya mlango uliofungwa huku watu wanacheka ndani, na unajua wanamzungumzia mtu wa nyumbani kwako. Walikuwa wanacheka nini? Mpaka leo sijui. Pengine mzee wa kwaya alikuwa amepiga chafya.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia mkwe wako kwa jicho la pembeni. Na wewe unajua mambo ya mawifi. Hata angeniletea maji ya kunywa ningeangalia kwanza ndani ya kikombe.

Jambo la kwanza lilikuwa mlango. Ile karakana ina chumba cha mbele chenye meza ya kazi, na chumba cha nyuma ambacho enzi za kaka kilikuwa cha kukaushia mbao na hakikuwa hata na kitasa. Sasa kina kufuli. Siku moja nilimpelekea mfuko wa viatu, nikamkuta amesimama kwenye korido. Nikasikia kitu kizito kikianguka huko nyuma, puu, kisha mwanamume akacheka. Nikapiga hatua kuelekea mlangoni. Mkwe wako akasimama mbele yangu, mkono kwenye funguo, akasema kwa sauti ya chini, "Huko hapana, wifi." Hakueleza. Alinishukuru kwa viatu, akaniuliza habari za watoto, na kabla sijatahamaki nilikuwa nje barabarani na mfuko mtupu.

Jambo la pili lilikuwa mbao. Tulipeleka mbao kumi na mbili nzuri, kavu, zenye muhuri wa kanisa kwenye ncha. Baada ya wiki tatu nilipita nikahesabu kwa macho ukutani, zilikuwa nne. Nikajiuliza, kwa wiki tatu ametengeneza miguu ya jeshi gani? Nikamuuliza kwa mzaha. Akajibu kwamba mbao zina safari zake. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile lilinikera kuliko jibu.

Jambo la tatu ndilo lililonimaliza. Alasiri moja nilikuwa napeleka sare za shule kwa mteja, nikapita upande wa pili wa barabara ya karakana. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume. Si mzee, si mgonjwa. Mtu mrefu, suruali imenyooka, amebeba ubao begani. Alikuwa anatembea taratibu, kifua mbele, hatua moja baada ya nyingine kwa maringo, kama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake. Mkwe wako alisimama mlangoni, ameweka mikono kifuani, anamtazama kama watu wanavyomtazama mtoto anayekariri shairi jukwaani. Kisha nikaangalia miguu ya yule bwana. Alikuwa amevaa viatu vya kaka. Vile vya kahawia, Mama. Kifungo cha kushoto nilikishona mimi mwenyewe kwa uzi mweusi kwa sababu wa kahawia ulikuwa umeisha. Hata nikiwa kipofu ningekijua kwa kidole.

Nililia njia nzima. Sare zile nilizifikisha zina makunyanzi.

Nikaanza kuunganisha vipande, na unajua mshonaji akiwa na vipande mkononi hashindwi kupata nguo. Kufuli, kwa kuwa kuna mtu ndani. Mbao, kwa kuwa kuna nyumba inajengwa mahali. Viatu, kwa kuwa marehemu amesahaulika. Na kanisa letu lilikuwa linalisha yote hayo. Sikumwuliza mkwe wako. Sikumwambia hata mume wangu, ambaye angeniambia nisubiri, maana kazi yake imemfundisha kusubiri. Nilijitia nimekasirika kwa niaba ya kanisa, ili nisione kwamba nimekasirika kwa niaba yangu.

Wiki mbili baadaye mchungaji alikuta barua chini ya mlango wa ofisi yake. Ilikuwa imepigwa chapa kwenye karatasi moja, haina jina. Ilisema waumini watazame kwa makini karakana ya miguu: kwamba mbao za kanisa zinatoka na hazirudi, kwamba chumba cha nyuma kinafungwa mchana kweupe kwa ajili ya mwanamume, na kwamba mwanamume huyo anavaa viatu vya marehemu. Mchungaji alisema barua isiyo na jina ni ya kuchoma moto. Mwalimu Mstari alisema hapana, jina la kanisa ni kubwa kuliko adabu ya mwandishi, na mshirika wetu lazima aulizwe. Hayo alinisimulia mzee wa kwaya, maana mimi nilikuwa kwenye lile benchi langu nje.

Mkwe wako akaitwa. Nilimwona akiingia na gauni lake la kijivu, vumbi la mbao kwenye nywele. Aliponipita alinigusa bega.

Aliulizwa habari za mbao, kama alivyonisimulia tena mzee wa kwaya. Akasema amezipeleka bondeni. Wagonjwa wanaotoka mbali hulala kwa watu wa kanisa la bondeni majuma mawili, matatu, wakingoja miguu yao; wanalishwa, wanafuliwa, na hakuna anayedai kitu. Wale watu walikuwa wanakaa juu ya mawe ibadani, kwa hiyo akawatengenezea mabenchi. Mwalimu Mstari akamwuliza ni nani alimruhusu kutoa kilichotolewa. Akajibu kwamba hakujua kama kutoa kunahitaji ruhusa. Jibu hilo halikumsaidia, Mama. Lilisikika kama kiburi.

Akaulizwa yule mwanamume ni nani. Akanyamaza. Akaulizwa chumba cha nyuma kina nini. Akasema, "Waheshimiwa, karibuni mbele siku yoyote. Lakini nyuma ni pa wanaoingia huko. Nimewaahidi sitasema habari zao, na sitasema." Wakamwambia kwamba neno moja tu lingemaliza shauri. Akasema anajua. Mchungaji alimsihi mpaka akashika mikono yake. Hakusema.

Basi msaada ukasimamishwa mpaka ukweli ujulikane. Na kwa kuwa kanisa ndilo lililokuwa mdhamini wake, Mwalimu Mstari, kwa uaminifu wake wa mistari, akawaandikia wale wa shirika la mbali. Nao wakasimamisha magoti ya chuma. Haikupita miezi miwili karakana ikafungwa. Sikushangilia, Mama, lakini sitakudanganya: usiku wa siku ile nililala usingizi mzuri.

Wakati huo huo ndipo wewe ulipofanyiwa upasuaji wa macho, na mimi nikasema siwezi kuja kwa sababu ya sare za kufungulia shule. Mkwe wako akafunga kisanduku kimoja, akaja kwako.

Mtaani sasa kila mtu alikuwa na lake. Watu ambao hawakuwahi kufika karakana waliweza kukueleza rangi ya shuka za chumba cha nyuma. Nilisikia kwa wateja wangu hadithi niliyoanza kuijua ikiwa na mikono miwili, sasa ina mikono minane. Nikawa nabana pini mdomoni.

Kisha, Jumamosi moja asubuhi, tulikuwa tunafagia uwanja wa kanisa. Tukaona watu wanapanda kilima kutoka bondeni, msururu mrefu, na kila wawili wamebeba kitu kichwani. Walipokaribia tukaona ni mabenchi. Sita. Walitembea kutoka bondeni mpaka kwetu, wazee kwa akina mama, wakayapanga mbele ya mlango wa kanisa, sawasawa, kama kwa ibada. Mzee wao wa kanisa, mtu mwenye mikono iliyopasuka kwa mawe, akamsalimu mchungaji kwa adabu, akasema wamesikia kwamba mbao hizi zimemletea mama yao wa karakana aibu. Kama ni za wizi, wamezirudisha. Wao walizoea kukaa juu ya mawe, watarudi juu ya mawe. Lakini wanaomba jambo moja, kwamba mtu awaonyeshe aliyeibiwa ni nani.

Mwalimu Mstari alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mchungaji akawakaribisha wakae. Wakakataa kukaa. Tuliimba wimbo mmoja pamoja, wao wamesimama na sisi tumesimama, mabenchi katikati matupu. Chini ya benchi la mwisho niliona muhuri wa kanisa letu kwenye ncha ya ubao. Nikatafuta sababu ya kwenda nyumbani.

Hata hapo bado nilijitetea. Nikajisemea, haya, mbao ni kweli. Lakini yule mwanamume je? Lakini viatu je? Mtu akishapenda shaka yake, Mama, huilea kama mwana.

Ndipo akaja mpishi wa shule. Wewe humjui. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa juu ya goti kwa sababu ya sukari. Binti yake alikuwa anaolewa, na mimi ndiye nilipewa nguo zote, ya bibi harusi na ya mama yake. Miezi ya nyuma, karakana ikiwa bado wazi, alikuja na magongo nimchukue vipimo, akaniambia nimshonee gauni refu mpaka chini. Alisema liwe refu kabisa, la kufunika mguu unaokuja. Alisema hataki mtu kanisani ajue upi ni wake na upi ni wa mti. Alikuwa ameshapimwa; kilichobaki ni goti la chuma tu. Nilikuwa nimeusahau mzaha ule.

Sasa akarudi, siku tisa kabla ya harusi, akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akatandaza lile gauni mapajani. Akaniomba nilikate. Nikamwuliza kwa nini, na limekaa vizuri. Akasema urefu huu utamkwaza kwenye magongo, ataanguka katikati ya kanisa na kumharibia binti siku yake. Nilipiga magoti na chaki kuweka alama. Nilikata shubiri nzima, na kile kipande kikabaki sakafuni.

Aliona nimebaki nimepiga magoti mbele ya kile kipande, akadhani namwonea huruma. Akaanza kunisimulia ili kunichangamsha. Akasema kama ningeuona mchezo wa chumba cha nyuma ningecheka mpaka nizimie. Kuna vyuma viwili vya kushikilia, urefu wa kiuno, na kioo kikubwa ukutani, na magodoro ya kuangukia. Humo ndimo mtu hujifunza kutembea upya, na kutembea upya, alisema, ni kuanguka kwanza. Mtu mzima anaanguka kama gunia, analia, anajikojolea wakati mwingine. Ndiyo maana walimwomba mkwe wako aweke kufuli, na kila mmoja akamwahidisha kwamba asimwambie mtu. Walicheka sana humo, alisema. Usipocheka utauvunja mguu kwa hasira.

Nikamwuliza kama palikuwa na mwanamume mrefu. Akapiga makofi. Akasema ndiye bingwa wao! Alivunjika mguu machimboni, ukakatwa chini ya goti. Alijifunza kwa miezi mitano, na akatoka pale anatembea hivi kwamba mtu asiyejua hajui. Alikuwa amepata kazi ghalani, kupima mizigo, kazi ya kusimama kutwa, na alimficha bosi wake, maana nani angemwajiri? Siku ya mwisho mkwe wako alimpa ubao abebe begani, aende nao mpaka kona na kurudi, mchana, mbele ya watu. Wote walikuwa wanachungulia dirishani wakiomba asianguke. Kiatu cha kawaida kilikuwa kinachomoka kwenye mguu wa mti, kwa hiyo mwenye karakana akaenda nyumbani, akaleta viatu vya mumewe. Alimfunga vifungo vyake mwenyewe. Akasema kabatini vilikuwa vimesimama muda mrefu mno.

Kwa hiyo ule mwendo nilioudhani maringo, Mama, ulikuwa mtu anaomba Mungu kila hatua.

Mpishi alipoondoka nilikaa na lile gauni mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo.

Harusi ilifanyika. Mpishi aliingia kanisani kwa magongo, ko, ko, ko, na kila mtu alimtazama yeye badala ya bibi harusi, kitu ambacho ndicho alichokuwa hakitaki. Alitabasamu njia nzima. Mimi nilikaa nyuma, nikautazama mshono wangu.

Jumatatu nikaenda ghalani kumtafuta yule bwana. Nilimkuta anapanga magunia. Nilipomweleza yaliyompata aliyemtengenezea mguu, aliketi juu ya gunia kama mtu aliyepigwa. Hakuwa na habari. Alihamia upande ule wa mji mwezi ule ule alipopata kazi. Nilimwomba aje mbele ya kamati. Nilimwambia najua anaweza kupoteza kazi. Aliniambia kazi ameipata kwa mguu, na mguu ameupata kwa yule mama, kwa hiyo hesabu yake si ngumu. Akaenda kumwambia bosi wake kwanza, siku ile ile, nikiwa nimesimama hapo. Bosi alimtazama toka juu mpaka chini, akamwuliza kama mguu huo unapanda ngazi. Akajibu kwamba umekuwa ukipanda ngazi zake kwa miezi minne. Bosi akasema basi arudi kazini, na Jumamosi amempa ruhusa.

Jumamosi iliyopita akaja. Mwalimu Mstari alianza kunionyesha mlango, kama kawaida, nitoke. Nikasema leo sitoki. Yule bwana akapandisha suruali mpaka gotini, akauweka ule mguu juu ya kiti mbele ya wazee wa kanisa. Mti uliosuguliwa mpaka unang'aa, mikanda ya ngozi yetu, misumari yetu. Alisema, "Chumba cha nyuma ni hiki hapa. Ulizeni mnachotaka." Mchungaji alilia waziwazi. Mwalimu Mstari aliuinamia ule mguu muda mrefu, kama anasahihisha daftari, kisha akasema hana alama ya kukata.

Kisha nikasimama mimi.

Mama, barua ile niliiandika mimi.

Niliipeleka kwenye duka la kupiga chapa mtaa wa tatu, mahali wasiponijua, nikamsomea binti wa pale neno kwa neno huku nikijifanya ninatumwa. Niliingia ofisi ya kanisa na ufunguo wa katibu wakati wa chakula cha mchana, nikairusha sakafuni ili ionekane imepenyezwa. Halafu nikakaa kwenye benchi langu na kusubiri. Aliponigusa bega siku ile akienda kuhojiwa, nilikuwa najua anakokwenda kuliko alivyojua yeye.

Nimeyasema hayo mbele ya wote. Nimeuacha ukatibu, na funguo nimezirudisha. Msaada umefunguliwa. Mwalimu Mstari amewaandikia wale wa mbali, ukurasa mzima wa kuomba radhi, na magoti ya chuma yako njiani. Mabenchi yamerudi bondeni. Safari hii tuliyabeba sisi, na mimi kichwa kinaniuma hadi leo.

Najua ulichoapa. Barua yako ya mwezi uliopita ninayo hapa mezani. Ulisema aliyeandika karatasi ile, awe nani, asije kukulilia siku yako ya mwisho. Neno lako ni lako, sikuombi ulirudishe kwa haraka. Lakini barua yako hiyo, Mama, ilikuwa kwa mwandiko wa mkwe wako, kwa kuwa macho yako bado yamefungwa. Aliandika laana yako neno kwa neno, hakupunguza. Na chini kabisa, kwa maneno ambayo najua hukuyatamka wewe, aliongeza: mwambieni mpishi wa shule aendelee kukanda mguu kwa mafuta asubuhi na jioni, usije ukakakamaa.

Anayekuandikia ndiye anayekusomea. Nimelijua hilo tangu neno la kwanza la barua hii. Nilitaka nije niseme mbele yake, nikakosa miguu, mimi niliye nayo miwili.

Wifi, umeyasoma yote haya kwa sauti yako mwenyewe, ubaya wangu wote. Sikujua njia nyingine ya kukuambia bila kukimbia katikati. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, rudi hata hivyo. Wako wanne waliopimwa, na hakuna mwingine anayejua kuwafunga miguu. Hutalazimika kunisalimia.

Mama, ukisikia sauti ya anayekusomea imekatika hapa, usimwulize kitu. Mshike mkono tu, mngoje.

Wasalimie majirani wote, na yule mama wa dirisha la pili anayekuletea maziwa. Wajukuu wanakuamkia. Daktari akikufungua macho, mwombe mwangaza uingie kidogo kidogo.

Ni mimi binti yako,
mshonaji.